Lumbesa ya Wati: Soma Kibao cha Nyuma Kabla ya Kununua Redio



Msimu wa kuvuna mpunga unapokwisha katika Bonde la Kilombero, fedha huanza kupita mikononi mwa watu. Malori hupakia magunia, mashine za kukoboa hunguruma tangu alfajiri, na madeni ya dukani yaliyoandikwa tangu masika hufutwa moja baada ya jingine. Ni wakati huo ambapo maduka ya vyombo vya umeme pale Kibaoni, Ifakara, hutoa bidhaa zake nje ya mlango na kuzifungulia sauti. Kila duka hushindana na jirani yake, hata mpita njia hasikii wimbo bali vishindo. Na ni wakati huo huo ambapo familia nyingi, baada ya kulipa michango ya shule na kununua mabati, huamua kwamba mwaka huu nao watanunua redio ya maana, au kile ambacho siku hizi kila mtu hukiita sabufa.

Hakuna ubaya wowote katika uamuzi huo. Nyumba isiyo na sauti ya muziki wala ya habari ni nyumba iliyojitenga na wenzake. Ubaya uko katika namna tunavyonunua. Mkulima yule yule ambaye hakubali kupunjwa hata kilo moja kwenye mizani, anayesimama kidete dhidi ya gunia la lumbesa, huingia dukani na kulipa jasho la miezi sita kwa kufuata taa zinazometameta na tarakimu zilizoandikwa juu ya boksi. Hoja yetu leo ni moja: chombo cha sauti hupimika kama mpunga unavyopimika, na familia yaweza kukipima yenyewe, kwa vitu iliyonavyo, bila kuwa na mtaalamu ndani ya nyumba.

REDIO ILIPOKUWA MWALIMU

Wazee wetu walichagua redio kwa vigezo vilivyo wazi. Walitaka kujua ina bendi ngapi, inakula betri ngapi, na kama itaikamata Redio Tanzania Dar es Salaam hata usiku, wakati mawimbi ya mbali yanapoingiliana. Redio za Philips zilizotoka Arusha, na zile za National zilizotoka katika kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam, hazikuwa na taa za kupepesa. Zilikuwa na kazi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi nchi nzima, wakaizunguka redio, wakasikiliza masomo ya malaria, kichocho na usafi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio ambayo maneno yake hayakumfikia mtu aliyekaa nyuma ilikuwa haina maana, hata ingekuwa nzuri namna gani kwa sura. Hicho kilikuwa kipimo, na kilikuwa kipimo cha haki.

Biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, vyombo vya kila namna viliingia nchini. Uchaguzi ukapanuka, na hilo ni jambo jema. Lakini pamoja na bidhaa ikaingia lugha mpya ya kuziuzia. Mnunuzi aliyekuwa akiuliza habari za bendi na betri akafundishwa kuuliza swali moja tu: ina wati ngapi? Na jibu likawa linaongezeka kila mwaka, ingawa maboksi hayakuongezeka uzito.

LUMBESA YA WATI

Wati ni kipimo halali cha nguvu ya umeme, kama kilo ilivyo kipimo halali cha uzito. Tatizo liko katika herufi nne zinazoandikwa baada ya tarakimu: PMPO. Herufi hizo hudaiwa kumaanisha kilele cha juu kabisa cha nguvu ya muziki. Hakuna kanuni moja ya kimataifa inayoeleza kilele hicho kinapimwaje, na kwa hiyo kila kiwanda huhesabu kinavyopenda. Ndiyo maana utakiona chombo ambacho mtoto aweza kukibeba kwa mkono mmoja kimeandikwa wati 12,000.

Hebu tulipime dai hilo. Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230. Plagi ya kawaida yenye pini tatu za mraba ina fyuzi isiyozidi ampia 13. Zidisha 230 kwa 13, utapata wati 2,990. Hiyo ndiyo nguvu ambayo plagi hiyo imekusudiwa kuipitisha muda wote bila fyuzi kuungua. Chombo kinachotumia wati 12,000 kingeiunguza fyuzi kabla mwimbaji hajamaliza ubeti wa kwanza.

Tuchukue mfano mwingine wa jirani. Kituo cha umeme cha Kidatu, kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 1975 kwa maji ya Mto Ruaha Mkuu, kina uwezo wa megawati 204. Sabufa 17,000 za wati 12,000 kila moja, zikiimba kwa pamoja, zingeukomba umeme wote wa Kidatu. Sote tunajua kwamba sikukuu huja na kupita, sabufa zikiimba nchi nzima, wala taa hazizimiki kwa sababu hiyo.

Wapo wauzaji watakaojibu kwamba kilele hicho ni cha kitambo kidogo sana. Ni kweli kwamba chombo huweza kuhifadhi umeme kidogo ndani yake na kuutoa kwa mkupuo. Lakini muziki hauishi kwa mkupuo mmoja usiofika hata sehemu ya mia ya sekunde, na wala kilele hicho hakifikii tarakimu za namna ile. Lumbesa ya shambani ina mpunga wa ziada ambao mkulima halipwi; lumbesa ya dukani ina wati za ziada ambazo mnunuzi analipia na hazimo.

Ujanja huu si wa leo, na wala haukuanzia kwetu. Katika Marekani ya miaka ya 1960 viwanda vya vikuza sauti vilishindana kutangaza nguvu kubwa kubwa kwa vipimo vya kujitungia, hata mnunuzi akashindwa kulinganisha kitu na kitu. Mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo ikatoa kanuni ya kuvibana, na mwaka 2024 ikaikaza zaidi: nguvu itangazwe baada ya kupimwa kwa mzigo wa omu 8, katika masafa yote kuanzia hezi 20 hadi 20,000, na upotoshaji wa sauti usifike asilimia 1. Tusiangalie sana tarakimu hizo. Tuangalie maana yake. Wati isiyotajiwa masharti ya kupimwa kwake haijapimwa. Ukikuta kwenye boksi neno RMS pamoja na kiasi cha upotoshaji, umeanza kuiona mizani. Ukikuta PMPO peke yake, umeliona gunia tu.

KIBAO HAKIDANGANYI

Jina la Kibaoni, kama zilivyo Kibaoni nyingine nyingi katika nchi yetu, humkumbusha mtu kibao cha njiani kinachomwelekeza msafiri. Chombo cha umeme nacho kina kibao chake. Kigeuze, utakuta nyuma au chini kibandiko kidogo kinachotaja volti, hezi na wati. Tarakimu hiyo ndiyo inayomwongoza fundi kujua chombo kitavuta umeme kiasi gani, na kiwanda hakina faida ya kuitia chumvi. Ikiwa mbele pameandikwa 12,000 na nyuma pameandikwa 60, amini ya nyuma.

Hata tukiwa wakarimu, tukakiruhusu chombo hicho kivute mara mbili ya wati hizo wimbo unapopamba moto, bado sehemu ya umeme huo itageuka joto ndani ya kikuza sauti, na spika zitapata nusu yake au zaidi kidogo. Kwa hiyo umenunua chombo cha wati 60 hivi. Tena hicho si chombo kibaya. Kwa sebule ya kawaida kinatosha na kubaki. Kosa ni kulipia 12,000.

Anayetaka ushahidi zaidi aiite mita ya LUKU. Mita nyingi zina taa ndogo inayopepesa kadiri umeme unavyotumika, na karibu yake pameandikwa imp/kWh pamoja na tarakimu, mathalani 1000. Maana yake ni kwamba taa itapepesa mara 1,000 kwa kila uniti moja. Zima kila kitu nyumbani: taa, friji, pasi, chaja za simu. Washa redio peke yake kwa sauti mnayosikilizia siku zote, kisha mtoto wa darasa la sita ahesabu taa imepepesa mara ngapi katika dakika 10. Tuseme ni mara 4. Zidisha kwa 6 ili upate saa nzima: mara 24. Kwa mita ya 1000, chombo hicho kinatumia wati 24. Kwa mita iliyoandikwa 1600, hesabu hiyo hiyo huleta wati 15.

Sasa tia shilingi. Tuchukue kwa mfano bei ya shilingi 350 kwa uniti. Chombo cha wati 24 kikiimba saa 5 kila siku hutumia uniti 3.6 kwa mwezi, yaani shilingi 1,260. Kama kweli kingekuwa kinatumia wati 12,000, kingekula uniti 60 kwa siku, yaani shilingi 21,000 kila jua linapotua. Hakuna mama wala baba ambaye angeshindwa kuugundua moto wa namna hiyo.

WATI SI SAUTI

Baada ya kuzijua wati za kweli, tujue pia kwamba wati si sauti yenyewe. Sauti hupimwa kwa desibeli, na sikio la mwanadamu lina hesabu yake. Ukiongeza wati mara mbili, kutoka 20 hadi 40, sauti hupanda desibeli 3 tu, kiasi ambacho msikilizaji hukitambua kwa shida. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu, wati hazina budi kuongezeka takriban mara 10. Kwa hiyo anayeongeza shilingi elfu hamsini ili atoke wati 40 na kufika 60 amenunua tofauti ambayo wageni wake hawataisikia.

Jambo kubwa zaidi ni spika yenyewe. Spika huwa na wepesi wake wa kugeuza umeme kuwa sauti. Viwanda makini huandika kwamba kwa wati 1, umbali wa mita 1, spika hutoa desibeli kadhaa. Spika ya desibeli 90 inapolishwa wati 20 hutoa sauti sawa na spika ya desibeli 84 iliyolishwa wati 80. Ndiyo sababu kipaza sauti chenye mdomo wa tarumbeta, kile kinachofungwa juu ya nyumba za ibada na magari ya matangazo, husikika mtaa mzima kwa nguvu kidogo ya betri, hali sabufa yenye tarakimu za kutisha haisikiki nyumba ya tatu.

Si kila boksi lina taarifa hiyo, lakini kulinganisha ni rahisi. Simu nyingi za kisasa huweza kuwekewa programu ya kupima desibeli. Tarakimu zake si za kuapia mahakamani, kwa maana simu hutofautiana, lakini simu ile ile, ikiwekwa mahali pale pale, mita moja kutoka kwenye chombo, kwa wimbo ule ule, hutosha kukuambia kipi kinashinda na kwa kiasi gani.

Programu hiyo hiyo ina faida nyingine kwa familia. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 zaidi ya saa 40 kwa wiki, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo ukatwe nusu. Kwa desibeli 90 zinabaki saa 4 tu kwa wiki nzima. Watoto yafaa wahifadhiwe zaidi. Sikio likishaharibika kwa kelele halina fundi.

BESI NA MANENO

Kipimo cha tatu ni usawa. Chombo kizuri hutoa sauti nene, za kati na nyembamba kwa uwiano, bila kupendelea upande mmoja. Wataalamu huchora mstari unaoonyesha chombo kinavyoitikia masafa mbalimbali, na mstari ulionyooka ndio unaosifiwa. Sisi hatuna maabara, lakini tuna masikio na tuna santuri za kwetu.

Chukua muziki wa Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro aliyefariki mwaka 1979, au wa Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba, ya Morogoro vile vile. Nyimbo hizo familia nyingi zinazijua kwa moyo, na hilo ndilo linalozifaa kwa kazi hii. Je, magitaa yanasikika kila moja peke yake, au yameshikamana kama ugali uliokosa mwiko? Je, gitaa zito la besi linapiga noti mbalimbali, au kila noti inatoka kama kishindo kile kile? Waya wa chini kabisa wa gitaa la besi hutoa sauti ya hezi 41. Spika ndogo yenye kipenyo cha inchi 4 haiwezi kuifikia sawasawa, na viwanda vingi hufidia upungufu huo kwa kuvimbisha sauti za juu yake kidogo, karibu na hezi 100. Matokeo yake ni ule mtetemo unaotikisa vioo vya dirisha na kumfurahisha mnunuzi kwa dakika tano, kisha ukamchosha kwa miaka mitano. Debe tupu haliachi kuvuma.

Kisha zima muziki, fungulia taarifa ya habari. Hiki ndicho kipimo kinachosahauliwa kuliko vyote. Herufi kama s, f, t na k, ambazo ndizo zinazotofautisha neno na neno, hutegemea zaidi sauti za hezi 2,000 na kuendelea. Chombo kilichojaa besi huzifunika. Rudi hatua kumi, msikilize msomaji wa habari, ukajiulize kama bibi aliyekaa ukumbini angelipata kila neno. Ikiwa chombo hakiwezi kutamka, hakifai kuwa redio ya nyumba, hata kama kinafaa kwa ngoma.

Mwisho, pandisha sauti polepole hadi pale inapoanza kukwaruza. Hapo ndipo upotoshaji umeanza kushinda. Nguvu ya kweli ya chombo ni ile iliyo chini ya mpaka huo. Kama kinaanza kukwaruza nusu ya safari, nusu iliyobaki ya kitufe ni pambo.

MASIKIO YAONGOZE, MACHO YAPUMZIKE

Mwanadamu husikia pia kwa macho. Floyd Toole, mtaalamu aliyefanya kazi miaka mingi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, pamoja na mwenzake Sean Olive, walichapisha mwaka 1994 uchunguzi wa jambo hili. Waliwapa watu spika zile zile wazisikilize mara mbili: mara ya kwanza zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia, mara ya pili zikionekana. Watu hao hao walibadili alama zao walipoziona. Spika kubwa za sura ya kitajiri zilipanda cheo, na ndogo ya bei nafuu ikashuka, ingawa sauti haikubadilika.

Pazia la wataalamu hao sisi tunalo: ni kitenge. Muombe mwenye duka aviweke vyombo viwili au vitatu pamoja, avifunike, apige wimbo mmoja kwa zamu. Sharti moja tu lizingatiwe: sauti zisawazishwe kwanza, kwa simu ile tuliyoitaja, maana chombo kinachopiga juu kidogo hudhaniwa kuwa bora hata kama si bora. Mama achague, watoto wachague, kila mmoja aandike bila kumnong'oneza mwenzake. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Anayekataa amekwisha kujibu swali lako, kwa kuwa mbuzi hanunuliwi akiwa ndani ya gunia.

USIKU WA MVUA

Kwa watu wa Kilombero kuna kipimo kimoja zaidi, na hicho si cha anasa. Mvua za mwaka 2024 zilileta mafuriko Ifakara na vijiji vya bonde. Maji yanapopanda usiku, umeme hukatika, simu huisha chaji, na taarifa inayookoa watu na mifugo huja kwa redio au isije kabisa. Sabufa inayotegemea ukuta peke yake huwa samani siku hiyo. Familia isiyo na redio ya betri hata moja imejinyima mlinzi.

Kwa hiyo pima betri pia. Ikiwa chombo kina betri ya ndani, kichaji hadi kijae, kifungulie kwa sauti ya kiasi, andika saa kilipoanza na saa kilipozima. Boksi likisema saa 10 nawe ukapata 4, una hoja ya kurudi nayo dukani. Redio inayokubali betri za kawaida za dukani, au umeme wa sola wa volti 12, ina thamani ya ziada kwa aishiye Mngeta, Mbingu au Mlimba, hata kama haipendezi kwa macho.

Pima na uwezo wa kukamata stesheni. Bonde limelala kati ya Milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, na mawimbi ya FM husafiri karibu kama mwanga: mlima ukikaa katikati, hayafiki sawasawa. Redio mbili zikiwekwa juu ya meza moja, moja huweza kuikamata stesheni ya mbali kwa usafi na nyingine ikatoa mchanga mtupu. Usiijaribu redio kwa stesheni iliyo jirani na duka. Ijaribu kwa ile iliyo dhaifu zaidi. Na kama ina mawimbi ya kati au mafupi, isogeze karibu na chaja ya simu inayofanya kazi, usikie inavyonguruma. Siku ukiifikisha nyumbani ikakoroma, ujue la kuzima kwanza.

HESABU YA SHILINGI

Sasa tufunge mahesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Bei iliyoandikwa dukani si bei ya chombo. Bei ya chombo ni fedha uliyolipa, ukajumlisha matengenezo, ukagawa kwa miaka kilichokutumikia. Tuseme sabufa ya kwanza yauzwa shilingi 90,000, nayo ikafa baada ya mwaka mmoja bila kupata kipuri. Imekugharimu 90,000 kwa mwaka. Ya pili yauzwa 200,000, ikadumu miaka 5, na katikati fundi akaitengeneza kwa 30,000. Hiyo imekugharimu 46,000 kwa mwaka. Aliyenunua ya bei ya chini amelipa karibu maradufu, tena akakaa kimya siku nyingi akiisubiri nyingine.

Utajuaje kabla ya kununua kipi kitadumu? Nenda kwa fundi kabla ya kwenda dukani. Angalia rafu yake. Vyombo vilivyojaa vumbi, vilivyofunguliwa na kuachwa, ni vile visivyo na vipuri. Vyombo vinavyoingia Jumatatu na kutoka Jumatano ni vile vinavyotengenezeka. Muulize kama kasha limefungwa kwa skrubu au kwa gundi, kama fyuzi yake hupatikana Ifakara, kama spika ikipasuka yaweza kubadilishwa. Dakika kumi za maongezi na fundi mwaminifu zina thamani kuliko tangazo lolote.

Dukani, dai risiti na dhamana iliyoandikwa. Nchi yetu haikosi sheria. Shirika la Viwango liliundwa mwaka 1975, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi kuhusu sifa za bidhaa. Lakini sheria haina macho yake yenyewe. Huona kwa macho ya wananchi. Mnunuzi mmoja akiuliza wati za kweli, muuzaji atacheka. Wakiuliza ishirini katika wiki moja ya mavuno, ataanza kuagiza bidhaa zenye jibu.

Basi, ndugu msomaji, yafaa kila familia ikae kitako kabla ya safari ya Kibaoni, iandike juu ya karatasi mambo machache: wati zilizo kwenye kibao cha nyuma, desibeli kwa simu ile ile na wimbo ule ule, maneno ya taarifa ya habari kwa umbali wa hatua kumi, saa za betri, maoni ya fundi, na bei iliyogawanywa kwa miaka. Karatasi hiyo haina uzito mfukoni, lakini itasimama badala yenu mbele ya taa na vishindo. Taa zile zitazimika baada ya miezi michache, nalo neno lililoandikwa juu ya boksi litatupwa pamoja na boksi lake. Kitakachobaki nyumbani ni sauti, na ni sauti tuliyokwenda kununua. Mpunga wetu ulipimwa kilo kwa kilo kabla hatujalipwa. Na kile tunachokinunua kwa mpunga huo nacho kipimwe.